Binti, Fomu na Makohozi

Kulikuwa na binti mmoja wa Korogwe, mkoani Tanga, aliyepata nafasi ya kusoma uuguzi katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Jina lake silitaji kwa sababu binti huyu nimemtunga mwenyewe. Ila ugonjwa uliompata sikuutunga, wala vidonge alivyomeza, wala watu nitakaowataja kwa majina yao huko mbele. Hao waliishi kweli, na bila wao hadithi hii ingekuwa fupi na mwisho wake ungekuwa matanga.

Barua ya chuo ilikuja na furushi la karatasi. Kulikuwa na orodha ya sare, viatu vyeusi visivyopiga kelele, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, ndoo, shuka mbili, ada na akaunti ya benki. Karatasi ya mwisho ilikuwa fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo sharti ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali: macho, masikio, shinikizo la damu, mkojo, picha ya kifua. Wanafunzi wengi huiona fomu hiyo kuwa usumbufu wa kutafuta mhuri tu. Huulizana inagongwa wapi haraka, hawaulizani ni ya nini.

Sasa, binti alikuwa anakohoa. Alianza mitihani ya kidato cha nne ilipoisha, akaendelea wakati matokeo yanatoka, na barua ilipofika alikuwa bado anakohoa. Kila mtu nyumbani alikuwa na maelezo yake. Bibi alisema ni vumbi la mkonge. Shangazi alisema ni kiyoyozi cha lile basi la Dar es Salaam. Mwenyewe alisema ni mafua yaliyokataa kuisha. Sketi zilianza kumpwaya, wakamsifu kuwa amekuwa mwembamba wa kupendeza. Usiku alikuwa anatoka jasho mpaka anageuza mto, akasingizia joto la Korogwe, ambalo kwa kweli ni shahidi rahisi kumsingizia.

Hospitalini, tabibu aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ya mtu aliyetangulia. Hakusema kitu kuhusu picha. Aliuliza, "Unakohoa tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo, daktari."

"Zaidi ya wiki mbili?"

"Zaidi."

Swali hilo la wiki 2 ndilo lango lenyewe, vijana wangu. Mafua huja na kuondoka. Kikohozi kinachovuka wiki 2 kinastahili kupimwa, hata kama una maelezo mazuri ya vumbi na viyoyozi. Tabibu akamwandikia kipimo cha makohozi.

Hapa binti aliona aibu iliyozidi ile ya kuumwa. Sista alimpa kikopo chenye mfuniko, akamtoa nje ya jengo, penye upepo na jua, mbali na watu waliokuwa foleni. "Vuta pumzi mpaka chini, iachie. Tena. Tena. Halafu kohoa kutokea huku," akasema akijigusa chini ya mbavu. "Nataka makohozi, sitaki mate. Mate hata mimi ninayo." Binti alileta mate. Akarudishwa. Mara ya pili alileta kitu chenyewe, kizito, cha rangi ya njano, akakikabidhi huku ameangalia pembeni. Sista alikipokea akashukuru.

Watu wa maabara huyathamini makohozi. Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafuga panya buku waliofundishwa kunusa makohozi. Panya mmoja hupita juu ya sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na akinusa yenye kifua kikuu husimama hapo na kukwaruza. Anapewa zawadi ya chakula, na sampuli hiyo inakwenda kuthibitishwa kwa kipimo kingine. Wagonjwa wengi waliokuwa wameambiwa hawana kitu wamegunduliwa na pua hizo. Makohozi ya binti wetu hayakunuswa na panya. Yaliingizwa kwenye mashine ambayo kwa muda wa saa 2 hivi hutafuta vinasaba vya vimelea, na palepale husema kama dawa kuu ya ugonjwa huo, rifampisini, bado inawaweza.

Mashine ikasema vimelea wapo. Ikasema pia rifampisini inawaweza. Binti alisikia sentensi ya kwanza tu.

Tuwaache yeye na tabibu kidogo, maana kuna jambo lazima mlielewe kabla hajafika nyumbani.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Mjerumani aitwaye Robert Koch alisimama mbele ya madaktari wenzake akawaonyesha kwa hadubini kijiti chembamba sana kilicho hai. Siku zile huko kwao, alivyohesabu yeye, kati ya kila watu 7 waliokufa mmoja alikufa kwa kifua kikuu. Na wengi, hata wasomi, waliamini kuwa ni ugonjwa wa ukoo, kwamba familia fulani zina damu dhaifu. Huku kwetu nako tulikuwa na majina yetu: katupiwa, karogwa, kavunja mwiko. Koch aliwaambia chanzo ni hicho kijiti, bakteria. Leo tunajua kuwa hutoka kwa mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, kikaelea hewani, na kuvutwa na mtu mwingine katika chumba kisichopitisha hewa. Hadi leo tarehe 24 Machi ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kijiti hicho kina tabia mbili za kukera. Kwanza, kimevaa koti la nta ambalo dawa nyingi hazilipenyi. Pili, ni kivivu. Bakteria wengine wa tumboni hujigawa wawili kila baada ya dakika 20, wakati huyu huchukua saa 15 hadi 20, karibu siku nzima. Mnaweza kudhani adui mvivu ni afadhali. Hapana. Dawa nyingi humkamata bakteria anapokuwa kazini, anapojijenga na kujigawa. Huyu anayelala anaziacha zipite. Ni sawa na mchwa: unaweza kufagia wote walio ukutani leo, nyumba ikapendeza, na malkia bado yuko chini anakungoja.

Na si kila aliyevuta vimelea hivi ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa. Kati ya kila 100 wa namna hiyo, ni 5 hadi 10 tu ambao siku moja wataugua. Waliobaki, kinga ya mwili humzungushia ukuta bakteria wakaishi naye bila kujua, na hawamwambukizi mtu. Mwenye kuambukiza ni yule ambaye ukuta umebomoka kifuani mwake, anakohoa, na hajaanza dawa.

Shikeni maneno hayo ya mwisho, *hajaanza dawa*. Tutayahitaji sasa hivi, kwa sababu shangazi amekuja na mpango.

Binti alifika nyumbani analia. Si kwa kuogopa kufa. Tabibu alikuwa ameshamwambia kuwa ugonjwa unapona. Alilia kwa sababu ya fomu. Nani atapokea mwanafunzi wa uuguzi mwenye TB? Bibi, ambaye aliwahi kuona watu wakifa kwa kifua zamani, alinyanyuka kimya akamtengea sahani, kikombe na kijiko. Alifanya kwa upendo na alikosea. Kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kupeana mkono, wala shuka. Kinapita kwenye hewa. Ambacho bibi angetakiwa kufanya ni kufungua lile dirisha la chumba ambalo halikufunguliwa tangu mvua za masika, binti alale peke yake kwa muda na kufunika mdomo anapokohoa. Kikombe kilikuwa kinamuumiza binti bure.

Shangazi yeye alisubiri bibi aingie jikoni.

"Sikiliza, mwanangu. Dada yako Pangani ana kifua kizima. Kesho namwita. Anakwenda hospitali nyingine, anapigwa picha kwa jina lako, fomu inagongwa mhuri, wewe unakwenda chuo. Dawa utameza huko kimyakimya."

"Shangazi, nikijulikana?"

"Utajulikanaje? Kwani umeandikwa usoni?"

Msimcheke shangazi. Alikuwa anapigania ndoto ya mtoto wa kaka yake kwa silaha aliyokuwa nayo. Lakini utazameni mpango wake mpaka mwisho. Bweni lina vitanda vya deka, wasichana wanane chumba kimoja, na usiku wa nyanda za juu madirisha yamefungwa kwa baridi. Vidonge vimefichwa kwenye soksi. Siku akiwa na mtihani anaruka dozi, siku akitazamwa na wenzake anaruka nyingine. Vikiisha, atavipata wapi, ikiwa kwa chuo na kwa kliniki ya mji ule yeye ni mzima? Katika chumba hicho binti angekuwa ndiye mtu wa kuogopwa. Na asingekuwa wa kuogopwa kwa sababu ana TB. Angekuwa hivyo kwa sababu hakuna anayejua kwamba anayo.

Binti alikataa. Ningependa kuwaambia alikataa kwa ujasiri, lakini alikataa kwa sababu alichelewa. Pale hospitalini, kabla hajaondoka, sista alikuwa amefungua daftari kubwa lenye mistari mingi, akaandika jina lake, umri, uzito, kijiji, simu ya mtu wa karibu, majibu ya makohozi na tarehe ya kuanza dawa. Ameshaandikwa. Angekwenda kuugua wapi kwa siri?

Daftari hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa hapahapa Tanzania na mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huo huo.

Aliitwa Karel Styblo. Alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi walimfunga katika kambi ya Mauthausen, mahali ambapo wafungwa walifanyishwa kazi ya kuvunja mawe mpaka wakafa. Huko alipata kifua kikuu. Vita vilipokwisha alitoka hai, akatibiwa, akasoma udaktari, na katika magonjwa yote ya dunia akachagua hilo lililokuwa limemlaza. Baadaye alifanya kazi kutoka Uholanzi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akaja kuisaidia Tanzania kujenga mpango wake wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma.

Styblo alikuwa mtu wa hesabu. Alikadiria kuwa mgonjwa mmoja anayekohoa vimelea, asipotibiwa, huambukiza watu 10 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo hakuanza kwa kuomba mashine kubwa. Alitaka hadubini kwenye hospitali za wilaya, dawa zisizokatika, mtu wa kumwona mgonjwa akimeza, na daftari. Kila mgonjwa aandikwe anapoanza, na mwishoni iandikwe alikofikia: amepona, amemaliza dozi, amehama, ametoroka dawa, amefariki. Kila robo ya mwaka wilaya ihesabu. Ukikuta watu 100 wameanza na 40 hawajulikani walipo, usilaumu ugonjwa, nenda ukawatafute. Mambo hayo yanaonekana madogo, na wataalamu wengi wa nchi tajiri waliyaona hivyo, mpaka Tanzania ilipoonyesha kuwa nchi isiyo na fedha nyingi inaweza kuponya wagonjwa walio wengi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichukua utaratibu huo na kuusambaza ulimwenguni. Styblo alifariki mwaka 1998. Kwangu mimi, kijana wa Kitanzania asiyelijua jina hilo amenyimwa kitu.

Basi, turudi kwa vidonge.

Asubuhi ya kwanza binti alipewa vidonge vyenye dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa, ndiyo maana alipimwa kwenye mizani. Dawa hizo ni bure. Sista alimwonya mapema: "Mkojo wako utakuwa wa rangi ya chungwa. Usije ukapiga kelele chooni, ni dawa, si damu." Akamwonya na mengine yasiyo ya kuchekesha: macho yakigeuka njano, au kuona kukififia, au miguu kuwaka moto, arudi siku hiyohiyo asingoje tarehe ya kliniki. Alimshauri pia apime VVU, kama anavyoshauriwa kila mwenye kifua kikuu, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hupenda kukaa pamoja. Na akauliza nyumbani kuna nani. Bibi akaitwa kuchunguzwa. Mdogo wake wa miaka 3, ambaye alikuwa mzima kabisa, akaanzishiwa dawa ya kinga, kwani watoto chini ya miaka 5 ukuta wao bado mchanga.

Kwa nini nne, mtauliza, isitoshe moja kali?

Walishajaribu moja. Mwaka 1943 mwanafunzi Albert Schatz, katika maabara ya mwalimu wake Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, aliipata streptomaisini kutoka kwa vijidudu vya udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza kumweza yule mvaa koti la nta. (Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa mwalimu peke yake. Mwanafunzi alibaki na kinyongo, nami ningebaki nacho.) Wagonjwa waliokuwa wanakufa walianza kuinuka vitandani. Halafu, baada ya miezi michache, baadhi yao wakaanguka tena, na safari hii dawa haikuwagusa. Katika mamilioni ya vimelea kifuani, wachache walikuwa wamezaliwa wakiwa sugu. Wenzao walipouawa, hao wachache wakabaki na shamba lote. Ukitumia dawa kadhaa kwa pamoja, anayeponyoka hii anakutana na ile.

Na kwa nini miezi 6? Hapa inueni vichwa, maana jibu lilipimwa Afrika Mashariki. Zamani dozi iliyozoeleka huku ilikwenda miezi 18, na mtu anayejisikia mzima tangu mwezi wa tatu hamezi dawa miezi 15 mingine kwa furaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza pamoja na wa Afrika Mashariki walifanya majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walionyesha kuwa dozi ya miezi 6 yenye rifampisini inaponya sawa na ile ya miezi 18. Majibu yalianza kuchapishwa mwaka 1972. Watu waliojitolea katika wodi zile, wengi wao wakulima na vibarua ambao hawakuandikwa kwenye kitabu chochote cha historia, ndio waliotukatia mwaka mzima wa vidonge.

Binti alimeza dawa nne kwa miezi 2, akabakiwa na mbili kwa miezi 4. Wiki mbili tatu za mwanzo zilitosha kupunguza vimelea vya kikohozi chake kiasi kwamba hakuwa tena hatari kwa watu wa karibu. Ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wengi ambao dawa inawakubali. Jasho la usiku likakoma, njaa ikarudi kwa nguvu. Bibi alipomwona anaongeza ugali mara mbili alikirudisha mwenyewe kile kikombe kabatini, pasipo hotuba.

Chuo kilikuwa kimeshafunguliwa. Tabibu aliijaza fomu kama ilivyotakiwa: ana kifua kikuu cha mapafu, ameanza dawa tarehe fulani, anaendelea vizuri, haambukizi, anaweza kusoma. Akaambatanisha barua ya uhamisho wa matibabu kwenda kliniki ya mji wa chuo. Binti alipiga simu kabla ya kupanda basi.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajieleza. Upande wa pili kukawa kimya, ikasikika kalamu ikitafutwa.

"Umeanza dawa lini?" Akamtajia. "Una kadi?" Anayo. "Una barua ya uhamisho?" Anayo. "Basi njoo na vyote viwili mkononi, usiviweke kwenye begi la chini ya basi. Na njoo na sweta. Umechelewa vipindi, utaazima madaftari."

Sitaki kuwadanganya kwamba kila chuo kina matroni kama huyo. Wapo watu wenye vyeo ambao wangeisoma fomu hiyo kwa ncha ya vidole na kumwambia arudi mwakani. Wangekuwa wanamkataa mwanafunzi pekee katika darasa zima ambaye wana hakika anatibiwa, huku wakiwapokea wengine 60 wenye mihuri ya haraka haraka. Mkikutana na mtu wa namna hiyo mwombeni aandike sababu yake kwa karatasi, na mpeni daktari aisome.

Wauguzi na kifua kikuu ni majirani wa siku nyingi. Miaka 100 iliyopita, mjini Oslo, Norway, daktari Johannes Heimbeck wa hospitali ya Ullevål alianza kuwapima ngozi wanafunzi wa uuguzi siku walipofika. Karibu nusu yao walionyesha kuwa wameshakutana na vimelea zamani, na nusu hawajawahi. Watu walitegemea wale waliokwisha kuambukizwa ndio watakaougua wodini. Ikawa kinyume: wengi walioanguka walitoka kwa wale waliokuja wakiwa hawajaguswa, wasichana wa mashavu mekundu ambao kila fomu ya afya ingewasifu. Wodi ndiyo iliyowaambukiza. Kuanzia hapo Heimbeck akawa anawachanja chanjo ya BCG, ileile iliyoanza kutumika kwa watu mwaka 1921 na ambayo wengi wenu mlichanjwa mkiwa wachanga. Tazameni kovu mkononi.

Kwa hiyo chuoni somo la kujikinga halikuwa la binti peke yake. Mkufunzi aliwafundisha wote. Mgonjwa anayekohoa haachwi kwenye foleni mpaka mwisho. Anatolewa pembeni kwenye hewa, anapewa barakoa ya kawaida ya kuzuia matone yake. Muuguzi anayemhudumia ndiye avae ile barakoa nzito inayobana uso, ya N95, kwa kuwa kazi yake ni kuchuja hewa unayovuta. Ukikaa na mgonjwa, jua upepo unatoka wapi, ukae upande unakotoka. Jua huwaua vimelea hawa. Dirisha lililo wazi ni dawa isiyohitaji bajeti, na pengine ndiyo sababu haiheshimiwi.

Kuhusu siri: ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Matroni alijua na sista wa kliniki alijua. Bwenini binti alimwambia rafiki mmoja tu, msichana wa Makete aliyelala kitanda cha juu, ambaye akawa msimamizi wake wa dawa. Kila asubuhi kabla ya uji alitoa mguu chini, akamgusa begani, akangoja mpaka aone koo limepanda na kushuka. Kuna asubuhi binti alimchukia kwa hilo. Mwezi wa nne, mtu anapokuwa amenenepa na hakohoi, kidonge huwa na ladha mbaya kuliko mwezi wa kwanza, ingawa ni kilekile. Wengi huacha hapo. Baadhi ya wanaoacha hurudi wakiwa na TB sugu, ambayo tiba yake ni ya dawa nyingine, ngumu zaidi, na baadhi yao hupelekwa Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua.

Makohozi yake yalipimwa mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Mara zote tatu hayakuwa na kitu. Kwenye daftari, katika safu ya mwisho, sista wa kliniki akaandika: *amepona*. Binti aliomba aone mwenyewe. Akaonyeshwa, akaambiwa asiguse, watu wengine wameandikwa humo.

Akaendelea na masomo. Anatomia ilimtesa. Hesabu za dozi alizipenda, na kutandika kitanda chenye mgonjwa juu yake kulimchukua muda mrefu kukuweza.

Mwaka wa tatu, mwezi Julai, akiwa zamu ya asubuhi, alipangiwa kumwongoza mwanafunzi mpya wodini. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Alipita kitanda hadi kitanda akiuliza kila anayekohoa swali lilelile la wiki mbili, akaandika, na alipofika mwisho wa wodi akafungua madirisha yote ya upande wa bonde. Mwanafunzi mpya alikunja mikono kifuani, meno yanagongana.

"Dada, hapa kuna baridi. Tukifunga kidogo tu?"

"Hapana."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Vaa sweta. Halafu nisaidie na kile cha kule, kinashika."